Dakika mbili za kumlea kijana



Leo tuongee habari ya hoki ya barafu. Katika jiji la Montréal, jimbo la Québec huko Kanada, kuna ubishi ambao haujapoa kwa miaka kadhaa sasa, na unamgusa kila mtu aliyewahi kukaa jukwaani akamzomea kijana wa miaka 19 kwa sababu amepoteza mpira. Mashabiki wa Montreal Canadiens wanabishania mambo mawili. La kwanza ni vijana wao: wanalelewa au wanaharibiwa? La pili ni pawaplei yao: inakuwaje timu inapewa faida ya mtu mzima mmoja halafu inashindwa kufunga? Wengi wanayazungumza haya kama mambo mawili tofauti. Mimi nasema ni jambo moja, na nitajitahidi kulionyesha kabla muda wetu haujaisha.

Kwanza niwaweke sawa wasikilizaji ambao mchezo huu hawajauzoea. Kila timu ina watu sita barafuni, kipa akiwemo. Wanateleza kwa viatu vyenye makali chini, na badala ya mpira wanagombea kisahani cha mpira mgumu, chenye kipenyo cha sentimita 7.62 na uzito wa gramu kama 170, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mchezaji akifanya kosa la kawaida, mathalani kumtega mwenzake kwa gongo, anapelekwa kizimbani dakika mbili, na timu yake hairuhusiwi kuingiza mtu mwingine. Ukiacha makipa, wanabaki wanne dhidi ya watano. Hizo dakika mbili ndizo pawaplei. Wale watano wakifunga, mkosaji anatoka kizimbani na adhabu imekwisha.

Kanuni hiyo ya mkosaji kutoka bao likiingia ina historia, na historia yenyewe ni ya Montréal hasa. Zamani mkosaji alikaa dakika zake zote mbili, hata timu yake ifungwe mara ngapi. Tarehe 5 Novemba 1955, katika uwanja wa Forum, Canadiens walikuwa wakicheza na Boston Bruins. Boston wakajikuta na watu wawili kizimbani kwa wakati mmoja. Jean Béliveau, mtu mrefu na mtulivu, umri wake miaka 24, akamfunga kipa Terry Sawchuk mabao matatu ndani ya sekunde 44. Kikosi chao cha pawaplei enzi hizo kilikuwa na Doug Harvey akipanga mambo kutoka nyuma, Bernie Geoffrion na shuti lake zito, Maurice Richard mbele, na huyo Béliveau. Ligi ikaona hapa hakuna mashindano tena, na kuanzia msimu wa 1956-57 sheria ikabadilishwa: bao moja, mkosaji anarudi. Canadiens hawakutetereka. Walichukua Kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe la ubingwa wa ligi hiyo, mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960.

Kwa hiyo mtu wa Montréal anapolalamikia pawaplei, mwelewe. Babu yake alishuhudia ligi nzima ikiandika upya sheria kwa sababu timu yao ilikuwa inafunga kupita kiasi. Klabu ina makombe 24, hakuna klabu nyingine katika ligi hiyo iliyofikia idadi hiyo, lakini la mwisho lilikuwa mwaka 1993. Kuna watu wazima wenye watoto ambao hawajawahi kuliona kombe likipitishwa katika mitaa ya jiji lao. Halafu kuanzia msimu wa 2021-22 hadi 2023-24, pawaplei ya Canadiens ikawa kila mwaka inaburura mkia pamoja na timu dhaifu kabisa katika ligi ya timu 32. Lazima watu wapige simu redioni, na lazima sauti zipande.

Sasa tuje kwa vijana, maana ndiko kwenye kidonda.

Mashabiki wa Montréal wana woga, na woga wao una sababu. Mwaka 2012 klabu ilimchagua Alex Galchenyuk, nafasi ya tatu katika drafti, yaani ule mgawo wa vijana ambapo timu zinapokezana kuchagua vipaji vipya. Msimu wa 2015-16 alifunga mabao 30. Leo anachezeshwa katikati, kesho pembeni, na mwaka 2018 akabadilishwa na mchezaji wa timu nyingine. Mwaka huohuo klabu ikamchagua Jesperi Kotkaniemi kutoka Ufini, naye nafasi ya tatu. Akaingizwa kikosi cha kwanza ana miaka 18, na msimu wake wa kwanza akapata pointi 34. Pointi katika hoki ni bao ulilofunga au pasi yako iliyozaa bao. Msimu wa pili mambo yakamwendea kombo, akashushwa kwenda Laval, kwenye timu ya daraja la pili ambako Canadiens wanakuzia wachezaji wao. Mwezi Agosti 2021 Carolina wakamwekea mezani mkataba wa mwaka mmoja wa zaidi ya dola milioni 6, Montréal wakakataa kulipa kiasi hicho, na kijana akaondoka.

Ukiwa umeshapoteza vijana wa namna hiyo, kila kijana mpya unamtazama kwa jicho la mtu aliyeumwa na nyoka.

Julai 2022 drafti ilifanyika Montréal kwenyewe, katika uwanja wao wa Centre Bell, na Canadiens ndio walioanza kuchagua. Watu wengi walimtarajia Shane Wright, Mkanada aliyekuwa akitajwa kwa miaka mingi. Klabu ikamwita Juraj Slafkovský, kijana wa Slovakia mwenye umbo kubwa, ambaye miezi michache kabla, akiwa na miaka 17, alifunga mabao 7 katika Olimpiki ya Beijing, akatajwa mchezaji bora wa mashindano na kuisaidia nchi yake kupata medali ya shaba. Wright alisubiri hadi nafasi ya nne, akaenda Seattle. Ubishi ulianza usiku uleule na haukulala.

Msimu wake wa kwanza Slafkovský alicheza mechi 39, akipewa kama dakika 12 kwa mechi, na akapata pointi 10. Januari 2023 akaumia goti, msimu ukaishia hapo. Sasa angalia pande mbili za ubishi, kwa sababu zote mbili zilikuwa na watu wenye akili timamu.

Upande mmoja ulisema: mpelekeni Laval. Laval ni ng'ambo tu ya mto, wazazi wanaweza kwenda kumtazama baada ya kazi. Huko atacheza dakika 20 kwa mechi, atakuwa tegemeo la timu, atagusa kisahani mara nyingi, na akikosea hakuna watu elfu ishirini na moja wa kuguna. Kwa kuwa alitokea klabu ya TPS ya Ufini, hakubanwa na utaratibu unaowazuia vijana wa ligi za vijana za Kanada kucheza daraja lile wakiwa na miaka 18. Njia ilikuwa wazi. Kwa nini basi akae kwenye mstari wa nne, yaani kundi la wachezaji wanaoingia barafuni kidogo kuliko wenzao, dakika 12, akigongwa na mabeki wa miaka 30?

Upande wa pili ulisema: mtu hujifunza kasi kwa kucheza kwenye kasi. Laval angepata nafasi ya kufanya makosa ambayo ligi kuu isingemruhusu, na angeyazoea. Bora ateseke hapa, karibu na kocha atakayemfundisha kwa miaka mingi.

Mimi nikisikiliza pande zote mbili, naona zinabishania anuani: Montréal au Laval. Swali lenyewe limekaa pembeni halijaulizwa. Kijana anapewa kazi gani? Anapokuwa barafuni anafanya nini kile ambacho kipaji chake kimeumbiwa? Ukimchukua mtu mwenye macho ya kuona pasi na mikono ya kufunga, ukampa dakika 12 za kukimbizana na kugonga watu, hujamlea, hata ukimweka jiji gani. Msimu uliofuata, 2023-24, Slafkovský bado alianza kwa kusuasua. Kisha kocha akampanga mstari mmoja na Nick Suzuki, nahodha, na Cole Caufield, mfungaji, na akampa nafasi kwenye pawaplei. Akamaliza na mabao 20 na pointi 50. Julai 2024 klabu ikampa mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 60.8. Jiji ni lilelile na kocha ni yuleyule. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa na watu aliowekwa nao.

Na huyo Caufield naye ana ushahidi wake, tena mkali zaidi. Mwaka 2021 alikuwa kipenzi cha jiji, kijana mfupi wa tabasamu aliyesaidia timu kufika fainali. Msimu wa 2021-22 ulipoanza, akapotea. Alishushwa Laval kwa muda, akarudi, bado. Mechi 30, bao moja. Fikiria mfungaji aliyelelewa kucheka na nyavu, mechi 30, bao moja. Tarehe 9 Februari 2022 klabu ikamwondoa kocha Dominique Ducharme na kumkabidhi timu Martin St-Louis, mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya kulipwa hata siku moja. Alikuwa akifundisha watoto, wanawe wakiwemo. Chini yake, mechi 37 zilizobaki, Caufield alifunga mabao 22.

St-Louis alijua anachokitazama, maana yeye mwenyewe alipita hapo. Kimo chake ni kama mita 1.73, hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, na Calgary walimwacha aende zake mwaka 2000. Akaenda Tampa Bay, wakampa dakika na kazi inayomfaa, na mwaka 2004 akashika Kombe la Stanley na tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote. Mwaka 2013, ana miaka 37, akaongoza ligi nzima kwa pointi. Mtu kama huyo ukimletea kijana aliyefunga bao moja katika mechi 30, hamuulizi kilichoharibika kwenye mikono yake. Anauliza alikuwa anawekwa wapi.

Sasa turudi kwenye pawaplei, na nakuomba uitazame pamoja nami kwa karibu, sekunde kwa sekunde.

Refa amepiga filimbi, mpinzani yuko kizimbani. Timu yenye wanne ina ruhusa moja kubwa: ikikinasa kisahani, inaweza kukisukuma kutoka kwao hadi upande wa pili wa uwanja, mita zaidi ya 50, bila kosa lolote. Wakati mwingine wowote wangezuiwa. Kwa hiyo wanakisukuma, na Canadiens wanalazimika kurudi nyuma kabisa kukifuata. Beki Lane Hutson anakiokota karibu na lango lake. Anaanza kupanda. Mbele yake, kwenye mstari wa buluu uliochorwa barafuni kuonyesha mwanzo wa eneo lao, wapinzani wanne wamejipanga wakimsubiri. Akifika katikati anarudisha pasi nyuma kwa Suzuki anayekuja kwa kasi zaidi, ili wale wanne waliosimama wapitwe na mtu anayekimbia. Pasi hiyo ikichelewa kidogo, kisahani kinanaswa, kinasukumwa tena upande wa pili, na sekunde kama 15 zimeungua. Ikitokea mara tatu, pawaplei imekwisha bila hata shuti moja, na jukwaa linazomea.

Tuseme wameingia. Sasa wanajipanga. Mmoja juu, karibu na mstari wa buluu, huyo ni Hutson. Watatu katikati: Suzuki kulia, Caufield kushoto, na mmoja kati yao wote. Wa mwisho amesimama mbele ya kipa, anamziba macho. Slafkovský na umbo lake anaweza kufanya kazi ya kati au ya mbele ya kipa. Kisahani kinazunguka. Na hapo ndipo sauti inapoanza kushuka kutoka viti vya juu: piga! Piga! Mbona hupigi?

Naielewa sauti hiyo. Naisikia pia kwenye viwanja vyetu vya kandanda. Lakini Hutson akipiga kipa akiwa amesimama na anamwona, kuna miguu ya watu wanne njiani. Kisahani kinagonga goti la mtu, kinakwenda pembeni, kinasukumwa, na tumerudi kule nyuma kuanza upya. Kazi ya pawaplei ni kumfanya kipa ahame. Kisahani kinapaswa kuvuka katikati, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kasi ambayo kipa hawezi kuifuata, na anayekipokea apige hapohapo bila kukituliza. Ili hilo litokee, anayetoa pasi lazima ajue gongo la mwenzake liko wapi bila kutazama. Hilo halipatikani kwa kelele. Linapatikana kwa watu walewale watano kukaa pamoja wiki baada ya wiki hadi kila mmoja ajue mwenzake anapenda kisahani kije kimo gani.

Mtazame Alex Ovechkin wa Washington. Kwa takriban miaka 20 alisimama mahali palepale, duara la kushoto, lile lililochorwa barafuni karibu na lango la mpinzani, na ligi nzima ilijua anasimama hapo. Tarehe 6 Aprili 2025 alifunga bao la 895, akaivunja rekodi ya Wayne Gretzky, na alilifunga kwenye pawaplei, kutoka upande uleule wa kushoto. Hapakuwa na siri yoyote hapo. Watazame pia Edmonton: msimu wa 2022-23 pawaplei yao ilizaa bao katika asilimia 32.4 ya nafasi walizopata, kiwango ambacho hakuna timu ya ligi hiyo iliyowahi kukifikia. Walikuwa na Connor McDavid na Leon Draisaitl, ni kweli, lakini pia walikuwa na watu ambao walikuwa wamecheza pamoja hadi wakazoeana kabisa.

Na tusidhani hili ni jambo dogo. Chukua timu inayopata nafasi kama 240 za pawaplei kwa msimu. Tofauti kati ya asilimia 17 na asilimia 22 ni mabao 12. Msimu wa 2024-25 Canadiens waliingia hatua ya mtoano wakiwa na pointi 91 kwenye msimamo, Columbus wakabaki nje na pointi 89. Mabao 12 yangetosha kabisa kuamua nani anaendelea na nani anakwenda likizo.

Sasa msikilizaji, hapa ndipo ule ubishi wa kwanza na huu wa pili vinapokutana.

Agosti 2024 Canadiens walimleta Patrik Laine kutoka Columbus. Laine ni fundi wa pawaplei, mtu wa shuti la hapohapo, na mahali pake ni duara la kushoto. Unakumbuka nani alikuwa anasimama duara la kushoto? Caufield. Laine aliumia goti kabla ya msimu, akaanza kucheza Desemba, na mechi yake ya kwanza tu akafunga kwenye pawaplei. Jiji likalipuka kwa furaha. Alimaliza na mabao 20 katika mechi 52, na 15 kati ya hayo yalikuwa ya pawaplei. Wanaotaka asilimia ipande wakasema: mnaona? Tulihitaji mtu mzima anayejua kazi. Na asilimia kweli ilipanda ikilinganishwa na miaka mitatu ya nyuma.

Lakini hesabu ile ina upande wa pili. Mabao 15 ya pawaplei kati ya 20 maana yake, nje ya pawaplei, Laine alifunga mabao 5 tu katika mechi 52. Na kila usiku aliposimama duara la kushoto, Caufield alisogezwa mahali pengine, akajifunze kazi ambayo si yake, katika umri ambao mfungaji anakomaa. Caufield ni kijana mwenye moyo, alifunga mabao 37 msimu huo. Swali langu ni kwa klabu: mnajenga pawaplei ya Januari, au mnajenga ya miaka mitano ijayo?

Msinielewe vibaya. Simlaumu Laine hata kidogo, alifanya kazi aliyoletewa, na alifanya akitoka kwenye jeraha baya. Ninachokisema ni kwamba pawaplei ndiyo shule ya kijana mwenye kipaji cha kushambulia. Mkiwa watano kwa watano, kijana anapata kisahani na tayari kuna mtu mgongoni. Anapata nukta ya sekunde ya kufikiri. Kwenye pawaplei anapata nafasi ya kuinua kichwa, kutazama, kujaribu, kuona pasi hii inapita na ile haipiti. Hapo ndipo macho yake yanapofunguka, na akishaona, anaona hata wakiwa watano kwa watano. Ukimnyima hizo dakika mbili kwa sababu leo unataka bao la haraka, umemtoa darasani, halafu mwakani unashangaa mbona hajui kusoma.

Ushahidi wa kinyume chake uko palepale Montréal. Lane Hutson alichaguliwa nafasi ya 62 mwaka 2022, timu nyingi zikiwa zimempita kwa sababu ya udogo wa mwili wake. Msimu wa 2024-25, wa kwanza kwake kamili, alikabidhiwa uongozi wa pawaplei. Alipoteza visahani, naam. Kuna usiku alinaswa kwenye mstari wa buluu na mpinzani akaondoka peke yake kwenda kumkabili kipa. Hawakumtoa. Alimaliza na pointi 66, na pasi zake 60 zilizozaa mabao zikamfikisha sawa na rekodi ya Larry Murphy kwa mabeki wa msimu wa kwanza, rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1981. Akatunukiwa tuzo ya Calder, ya mchezaji bora mpya wa ligi. Tarehe 14 Aprili 2025 Ivan Demidov, kijana wa Kirusi wa miaka 19, alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Chicago, na ndani ya kipindi cha kwanza akawa ameshatoa pasi ya bao na ameshafunga. Vipaji vipo. Na kipaji cha Hutson kilizaa matunda kwa sababu kuna mtu benchi alikubali kuvumilia makosa yake mbele za watu.

Wapo watakaoniambia: kocha anatafuta pointi za leo, akizikosa, kibarua chake kinaota nyasi, na huyo kijana atakuja kumnufaisha mtu mwingine. Ni hoja nzito, sitaipuuza. Ndiyo maana nasema dhamana hii isiachwe kwa kocha peke yake. Uongozi ndio unaopaswa kumwambia kocha waziwazi: hawa watatu watakuwa kwenye pawaplei hadi Machi, tumekubaliana, asilimia ikishuka lawama ni zetu sote. Kocha akiwa na kinga hiyo, hatabadilisha kikosi kila baada ya mechi mbili mbaya. Na kubadilisha-badilisha huko ndiko kunakoua pawaplei, maana kila timu ina mechi zaidi ya 80 kwa msimu na siku za mazoezi ni chache. Ukivunja kikosi leo, hujui lini utapata muda wa kukifundisha kipya.

Wapo pia watakaosema kumvumilia kijana ni kumdekeza. Hapana. Kumvumilia hakumaanishi kunyamaza. Kijana akirudia kosa lilelile bila kujifunza, aonyeshwe mkanda wa mechi, afundishwe, akemewe ikibidi, na kama hana bidii akalishwe benchi. Lakini kuna kosa la uvivu na kuna kosa la kujaribu. Pasi ngumu iliyokosa sentimita kumi ni kosa la kujaribu, na mtu anayeadhibiwa kwa hilo ataacha kujaribu. Atakuwa salama, atakuwa wa kawaida, na mashabiki haohao watauliza kipaji kilikwenda wapi.

Kwa hiyo wasikilizaji wetu mlioko Montréal na Laval, Wakongo, Warundi na wengineo mnaozungumza Kiswahili nyumbani na kuwapeleka watoto kwenye viwanja vya barafu vya mtaani, nawaomba mambo mawili. Mkiitazama pawaplei, acheni kwanza kuhesabu mabao ya usiku mmoja. Hesabuni wameingia mara ngapi bila kupoteza kisahani, na kimevuka katikati mara ngapi kipa akiwa anahama. Hivyo viwili vikiwa vizuri kwa mwezi mzima, mabao yatakuja. Visipokuwepo, basi pigeni simu redioni, mna haki. Na mtoto wenu akikosa pasi ngumu Jumamosi asubuhi, mpigieni makofi kwa kuiona ile pasi.

Msimamo wangu ndio huo. Canadiens wamchague kila kijana watakayemwamini, wamweke duara lake, wamwache hapo hadi masika, na wasimtoe kwa sababu ya zomeazomea za Novemba. Pawaplei itapona kwa mikono ya vijana haohao wanaosemekana wanaiharibu.